Injini Ipi Tuijenge?

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu niseme neno juu ya jambo linalokigawa chama chetu cha ufundi. Kwa mtu aliye nje jambo lenyewe ni dogo. Siku ya Wazazi ijayo twataka kuonyesha mfano wa injini kubwa ya mvuke, nasi hatujapatana ni injini ipi. Wako wanaotaka Big Boy ya Marekani. Wako wanaotaka aina ya 59 ya Reli za Afrika Mashariki. Sisi wachache twataka aina ya 60. Kura itapigwa mwanzoni mwa muhula ujao, nami nawaomba wenzangu, pamoja na walimu na wazazi wanaotusaidia, wanisikilize kabla ya siku hiyo.

Sharti nianze kwa kukiri kosa langu mwenyewe. Mfano ule wa kwanza, ambao wengi wenu mliuona na kuupigia makofi, mimi ndiye niliyeusimamia. Tulipata picha ya injini ya aina ya 60 tukaiiga umbo. Kisha tukasikia kwamba aina ya 59 zilipewa majina ya milima, na mmojawapo ni Mlima Rungwe. Tukafurahi mno, maana Rungwe ni mlima wa kwetu Nyanda za Juu Kusini, tukaandika "Mount Rungwe" ubavuni kwa rangi nyeupe. Magurudumu tuliyafanya kwa vifungo vya shati. Reli tulipewa na mtu mwema aliyekuwa na vipande vya reli ya mchezo kutoka Ulaya. Mambo yote tukayaweka mezani, na wageni wakatusifu.

Babu yangu alikuja siku ile kutoka Kalenga. Yeye alikwenda Dodoma akiwa kijana kutafuta kazi, akaandikwa relini. Alianza kwa kufuta injini kwa matambara, baadaye akawa mchochea moto. Nilimwamkia, "Kamwene, babu," nikamshika mkono nikampeleka mezani penyewe kwa fahari. Alitazama kwa muda mrefu bila kusema. Kisha akaniuliza, "Mjukuu wangu, hii ni ipi?"

Nikamjibu, "Ni Mount Rungwe, babu."

Akasema, "Umbo ni la sitini. Jina ni la hamsini na tisa. Magurudumu ni ya toroli. Na reli hii siijui kabisa. Mimi nimepanda sitini miaka mingi. Injini hii yenu hakuna mtu aliyepata kuipanda."

Hakusema kwa hasira, wala hakusema mbele ya wageni. Lakini tangu siku ile sikuweza kuutazama mfano ule tena. Tuliwaambia wazazi wetu kwamba kitu hiki kilikuwako, kumbe hakikuwako. Ndiyo sababu nasema kwamba kura ya muhula ujao haihusu injini nzuri kuliko nyingine. Inahusu kama tutasema kweli au hatutasema.

Sasa tuzitazame injini zenyewe moja moja, maana huwezi kuchagua usichokijua.

Big Boy ni injini ya kampuni ya Union Pacific ya Marekani. Zilijengwa 25 tu na kiwanda cha ALCO, kati ya mwaka 1941 na 1944, ili zivute mizigo mizito milimani. Ukihesabu pamoja na gari lake la maji na makaa ya mawe, urefu wake ni zaidi ya mita 40. Nguvu yake ya kuvuta ni pauni 135,375. Moja kati yao, namba 4014, ilifufuliwa mwaka 2019 ikatembea tena kwa mvuke wake. Wenzangu wanaoitaka wanasema, "Hii ndiyo kubwa, na michoro yake yapatikana kila mahali." Hayo ni kweli. Lakini Big Boy ni injini ya reli pana ya milimita 1,435, na kila ekseli yenye kuvuta hukandamiza reli kwa uzito wa karibu tani 30. Tukiijenga vizuri tutakuwa tumejenga kitu cha Wamarekani ambacho Wamarekani wenyewe wamekwisha kukijenga mara elfu. Mzazi akituuliza swali hapo mezani, tutamjibu kwa maneno ya kitabu. Hatakuwapo mtu hata mmoja katika ukumbi wa kutuambia kama tumekosea.

Injini mbili zilizobaki ni za mtindo wa Garratt, nao wataka maelezo kidogo. Injini ya kawaida ina boila juu na magurudumu chini yake. Ukitaka nguvu zaidi waongeza ukubwa wa boila. Lakini boila kubwa ni nzito, na magurudumu yaliyo chini yake huzuia tanuru lisipanuke. Mwingereza Herbert William Garratt alipata njia nyingine, akaiandikisha mwaka 1907. Alichukua mitambo miwili, mmoja akauweka mbele na mwingine nyuma, kila mmoja na silinda zake na magurudumu yake. Juu ya ule wa mbele akaweka tangi la maji, juu ya ule wa nyuma akaweka moto wake, yaani makaa au mafuta, pamoja na maji mengine. Boila akaitundika katikati juu ya fremu yake, mfano wa machela iliyobebwa na watu wawili. Chini ya boila hamna magurudumu, basi boila yaweza kuwa nene na tanuru likawa pana. Uzito wote umegawanyika juu ya ekseli nyingi, basi reli nyembamba haivunjiki. Tena mitambo hiyo miwili hugeuka kwenye egemeo, kila mmoja kwa upande wake, na kwa hiyo injini ndefu yapita kwenye kona kali.

Hapo ndipo lilipo kosa jingine la mfano wetu wa kwanza. Sisi tulipigilia kila kitu kwa misumari juu ya ubao mmoja. Kwenye reli iliyonyooka ulisimama, lakini kila tulipoufikisha kwenye kona ulianguka. Tulidhani reli ni mbovu. Kumbe tulijenga machela ambayo wabebaji wake wamefungwa miguu pamoja.

Aina ya 59 ndiyo Garratt kubwa kuliko zote zilizofika Afrika Mashariki. Zilijengwa 34 na kampuni ya Beyer, Peacock kule Manchester, Uingereza, mwaka 1955 na 1956. Kazi yake kubwa ilikuwa kuvuta mizigo kutoka Mombasa kupanda mpaka Nairobi. Uzito wake ni tani 252, urefu wake ni karibu mita 31.7, na nguvu yake ya kuvuta ni pauni 83,350. Boila yake ina kipenyo cha milimita 2,286, nayo yakaa juu ya reli ambayo upana wake ni mita moja tu. Hebu lifikirie jambo hilo: boila ni pana zaidi ya mara mbili kuliko njia yake! Kwenye reli ya mita hakuna injini ya mvuke iliyopata kuizidi. Ina magurudumu 28, na 16 kati yake ndiyo yenye kuvuta, sawasawa na idadi ya magurudumu yenye kuvuta ya Big Boy. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba Afrika Mashariki haikuwa na injini kubwa. Kwenye reli nyembamba kuliko ya Marekani, 59 ilifikia zaidi ya nusu ya nguvu ya Big Boy.

Nakubali kwamba 59 yavutia moyo. Ilipakwa rangi ya damu ya mzee, ikapewa jina la mlima. Kati ya majina hayo yamo Kilimanjaro, Kenya, Elgon na Meru. Na ya kwetu yamo, Rungwe, Mbeya na Mtorwi. Lakini lazima tuangalie uzito. Kila ekseli ya 59 yenye kuvuta ilibeba tani 21 hivi. Reli nzito iliwekwa upande wa Mombasa kwa ajili ya uzito wa namna hiyo. Reli yetu ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914, haikuwa na chuma cha kubeba mzigo huo. Basi milima yetu ilisafiri kwa jina tu. Injini yenye jina la Rungwe ilipanda kutoka pwani ya Kenya, wala hatukuiona huku kusini. Mimi naona jambo hili lafaa kufundishwa darasani, maana lina mafundisho mengi. Lakini halitoshi kuifanya 59 iwe injini yetu.

Sasa aina ya 60. Zilijengwa 29, zikaanza kazi mwaka 1953 na 1954. Kampuni ya Beyer, Peacock ndiyo iliyoagizwa, lakini 12 za kwanza zilijengwa Ufaransa na kampuni ya Franco-Belge huko Raismes. Mpangilio wa magurudumu ni uleule wa 59: manne madogo ya kuongoza, manane ya kuvuta, mawili ya kubeba, kisha mawili tena, manane na manne. Ndiyo maana sisi tulizichanganya. Mtu anayehesabu magurudumu peke yake hataona tofauti. Lakini ekseli ya 60 ilibeba tani 11 tu, yaani karibu nusu ya ile ya 59, na nguvu yake vilevile ni karibu nusu. Ilitengenezwa makusudi kwa reli nyepesi. Kwa hiyo ilikwenda mahali ambapo dada yake mkubwa hakuweza kukanyaga, na Tanganyika ni mojawapo. Wahenga walisema kila ndege huruka kwa ubawa wake. Ubawa wa 60 ulikuwa wepesi, na wepesi huo ndio ulioileta kwetu.

Watu watasema, "Sitini ni ndogo." Ndogo kwa nani? Babu yangu alipanda nayo ukuta wa Bonde la Ufa kutoka Saranda kwenda Manyoni usiku, na treni nzima nyuma yake. Hakuona udogo wowote.

Likizo iliyopita nilikwenda kwake Kalenga na daftari. Jioni baada ya chakula nilimwuliza maswali, naye akachora kwa kijiti chini mavumbini. Nilidhani mchochea moto ni mtu wa koleo na makaa. Akacheka. Injini zake zilichoma mafuta mazito. Kazi yake ilikuwa kushika vali ya mafuta kwa mkono mmoja na vali ya mvuke unaoyapuliza mafuta kwa mkono wa pili, huku macho yakiruka kutoka kwenye kioo cha maji kwenda kwenye bomba la moshi. Moshi mweusi, alisema, ni mafuta yanayopotea, na dereva atakukaripia. Moshi usioonekana kabisa nao si mzuri, maana hewa baridi inaingia kwa wingi. Ule mwembamba wa kijivu ndio mzuri. Na baada ya muda masizi hujaa katika mirija ya boila. Basi mchochea moto huchota mchanga kwa kikopo na kuumwaga kidogo kidogo kwenye tundu la tanuru, na nguvu ya moto huuvuta mchanga kupita mirijani ukasugua masizi yote yakatoka nje kama wingu jeusi. Kwa sababu hiyo kila injini yake ilikuwa na sanduku la mchanga ndani ya kibanda, karibu na miguu ya mchochea moto.

Sanduku hilo la mchanga sikuliona katika picha hata moja, maana picha nyingi hupigwa kutoka nje. Mtu aliyejenga mfano kwa kutazama picha angeliacha, wala asingejua kwamba ameacha kitu. Hapa ndipo nilipofahamu kwa nini napenda tujenge 60. Yupo shahidi. Yupo mtu anayeweza kusimama mezani akasema, "Hapa sawa, hapa mmekosea." Kwa 59 hatuna mtu huyo hapa, na kwa Big Boy hatuna kabisa.

Na mashahidi hao hawatatungoja. Shirika la Reli za Afrika Mashariki lilivunjika mwaka 1977 pamoja na Jumuiya ya wakati ule. Aliyekuwa kijana wa miaka ishirini mwaka ule, leo amekaribia sabini. Babu yangu amepita themanini, na mkono uliokuwa ukishika vali sasa watetemeka. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walisema juu ya mali; mimi naona maarifa nayo ni mali.

Najua yako mambo ya kunipinga, na ni haki niyajibu.

La kwanza ni la mwenzangu mmoja wa kidato cha sita, mtu ninayemheshimu. Anasema kwamba injini za aina ya 60 ziliitwa kwa majina ya magavana wa kikoloni wa Kenya, Uganda na Tanganyika. "Je," asema, "sisi watoto wa nchi huru tukaandike jina la gavana kwenye mfano wetu, huku tunaacha jina la Rungwe?" Hoja hii ni nzito. Namba 6006, iliyohifadhiwa katika Jumba la Makumbusho ya Reli la Nairobi, iliitwa Sir Harold MacMichael, aliyekuwa gavana wa Tanganyika. Lakini vibao vile vya magavana viliondolewa baadaye, na injini zikaendelea kufanya kazi kwa namba zake. Babu aliziita kwa namba tu, wala hakumbuki jina la gavana hata mmoja. Basi tuijenge kama alivyoijua yeye: namba, rangi ya damu ya mzee, na mahali palipokuwa na kibao paachwe wazi. Mgeni akiuliza kwa nini pako wazi, tutamweleza. Hiyo ni historia nzima, nayo ni bora kuliko kubandika jina tunalolipenda mahali lisipokuwapo.

La pili ni hili: "Nani ataona? Wazazi hawana rula machoni." Najibu kwamba mmoja aliona. Tena hata asingeona mtu, sisi tungejua. Katika maabara hatuandiki jibu la kitabu wakati kipimo chetu kimetoa jibu jingine, na anayefanya hivyo huitwa mwongo hata kama mwalimu hakumkamata. Mfano wa chuma na mbao ni jibu la namna hiyohiyo.

La tatu ni la gharama. Wanasema usahihi ni wa matajiri wenye maduka ya vitu hivi. Mimi nasema usahihi ni hesabu, na hesabu haiuzwi dukani. Tazameni kosa letu la reli. Zile reli za mchezo tulizopewa zina upana wa milimita 16.5. Zimekusudiwa mifano ya kipimo cha 1 kwa 87, maana 16.5 mara 87 ni karibu 1,435, yaani reli pana ya Ulaya na Marekani. Sisi tulijenga injini ya reli ya mita kwa kipimo hicho tukaiweka juu ya reli hizo. Kwa kipimo cha 1 kwa 87 reli ya mita yapasa kuwa na upana wa milimita 11.5. Kwa maneno mengine, tuliichukua injini ya babu tukaisimamisha juu ya reli pana kama ile mpya ya umeme inayotoka Dar es Salaam kwenda Dodoma, ambayo ilianza kuchukua abiria mwaka 2024. Ndiyo maana babu alisema reli ile haijui. Na vile vifungo vya shati vilikuwa na kipenyo cha milimita 11. Mara 87, ni chini ya mita moja. Gurudumu la kuvuta la 59, ambayo jina lake tulilitumia, ni milimita 1,372. Kifungo cha koti cha milimita 16 kingekaribia sana, nacho hakizidi bei ya kile cha shati kwa kiasi cha kutufilisi.

Kwa hiyo natoa shauri la kipimo pia. Tuache 1 kwa 87, tuchukue 1 kwa 50. Reli ya mita moja itakuwa sentimita 2 kamili, na kila sentimita 2 ya rula yetu itakuwa mita moja ya injini. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza aweza kuikagua kazi yetu bila kalamu. Wale wapenzi wa 59 nao waone faida yake: kwa kipimo hicho 59 ingekuwa na urefu wa sentimita 63 na nusu, na boila ya milimita 46 hivi. Wamesema wana bomba la plastiki la milimita 50 linalofaa. Halifai. Milimita 50 mara 50 ni mita 2 na nusu, na boila yenyewe haifiki mita 2.3. Tofauti hiyo mezani ni kitu kidogo, lakini relini si ndogo.

Kipimo hichohicho chatufundisha jambo la nyumbani. Reli ya TAZARA inayopita Makambako, ambayo wengi wetu twaipanda kwenda likizo, ina upana wa milimita 1,067. Tofauti na reli ya mita ni milimita 67 tu, chini ya upana wa kiganja. Lakini kwa ajili ya kiganja hicho mabehewa ya reli hizi mbili hayawezi kupitana huko Kidatu zinapokutana, na mizigo hushushwa na kupakiwa upya. Mtu akisema kwamba tofauti ndogo si kitu, apelekwe Kidatu akawaulize wapagazi.

Vifaa tunavyo. Mbao za msindano kutoka Sao Hill ni laini na zachongeka vizuri. Mabati ya makopo yapatikana jikoni. Waya na lehemu tumekwisha kununua. Kinachotukosesha ni vipimo vya kweli vya 60, na hivyo viko Nairobi katika chuma chenyewe, kwenye namba 6006, ambayo yeyote akilipa kiingilio aweza kuisogelea. Mzazi mwenye safari ya Nairobi, tafadhali atuone kabla hajaondoka. Tutampa kamba ya kupimia na karatasi yenye mistari: urefu wa tangi la mbele, kipenyo cha gurudumu, urefu wa kibanda, umbali kutoka egemeo hadi egemeo. Kazi ni ya saa moja. Tena namwomba apige picha ndani ya kibanda, miguuni pa mchochea moto.

Kwa wazazi na babu zetu wengine nina ombi jingine. Wako watu wa Iringa, Mbeya na Njombe waliofanya kazi relini Dodoma, Tabora, Morogoro na hata Nairobi. Wengine walikuwa madereva, wengine mafundi wa karakana, wengine walikaza misumari ya reli juani. Tuleteeni majina yao nasi tutawafuata nyumbani na daftari. Penye wazee haliharibiki jambo. Lakini ni lazima wazee waulizwe, maana babu yangu alikaa miaka yote hiyo na habari ya mchanga na masizi, wala mimi mjukuu wake sikupata kumwuliza mpaka aliponikuta na kosa.

Kwa wenzangu wa chama nasema hivi. Kama mtaichagua Big Boy au 59, nitafanya kazi pamoja nanyi kwa bidii, maana kura ni kura. Ila naomba tujiwekee sharti moja kwa injini yoyote: tusiandike juu yake jina, namba wala kipande ambacho hatuwezi kumweleza mgeni tumekipata wapi. Tukishika sharti hilo, hata mfano mbaya utakuwa na faida.

Lakini kura yangu ni kwa 60. Nimekwisha kumwomba babu aje tena Siku ya Wazazi. Amesema atakuja kama mafua hayatamzuia, na kwamba safari hii anataka kutazama ndani ya kibanda kwanza.

Nimesema yangu. Mwenye neno la kunipinga na aandike katika toleo lijalo, nami nitamsoma kwa moyo mweupe.

Mwanachama wa chama cha ufundi, Tosamaganga